Kuku wa Kupaka, si Kuku Paka

Nakiri mapema kwamba mimi ni mlaji. Nikiingia mji wowote, swali langu la kwanza ni wapi panapoliwa vizuri, na nikishaketi mezani, jambo la kwanza ni kuisoma menyu. Huisoma kama nisomavyo diwani mpya: polepole, neno kwa neno, na kalamu mkononi. Kwa sababu hiyo nimetoka katika mikahawa mingi ya fahari nikiwa nimeshiba na nimekasirika.

Chukua mfano wa kuku paka. Jina hili limechapishwa kwenye menyu za Nairobi na Mombasa, na Wahindi wa Afrika Mashariki wamelichukua hadi Uingereza na Kanada. Ajuaye Kiswahili akilisoma huona wanyama wawili katika sahani moja, na mmoja wao haliwi. Chakula chenyewe ni kuku wa kupaka. Nyama huwekwa juu ya makaa, ikianza kuiva hupakwa tui zito lililokolezwa viungo na ukwaju, hurudishwa motoni, hupakwa tena, mpaka tui lile lishike na kubadilika rangi. Huko kupaka ndiko upishi wenyewe. Kilichodondoka njiani ni "wa ku", mizani mbili tu. Mshairi akipunguza mizani mbili katika mshororo wake, sote tutamrukia. Menyu ikizipunguza, twalipa na kuacha bahashishi.

Najua atatokea mmoja wenu aniulize: mbona viazi karai havina kiunganishi, na hulalamiki? Kweli, havina. Lakini jina hilo lilifupishwa na wauzaji na walaji wenyewe, na karai bado ni karai, chombo chenye mafuta kinachoonekana hapo hapo kando ya barabara. Hakuna maana iliyopotea, wala hapakuzuka mnyama.

Hilo la paka lachekesha. Lisilochekesha lilinipata mwaka jana, nilipompeleka shangazi yangu kula katika mkahawa mmoja wa Mombasa unaosifiwa sana. Shangazi amezaliwa Mji wa Kale na hajapata kuuhama. Hakusoma Kiingereza; alisoma chuoni, na Kiswahili hukisoma kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi pia. Akaletewa menyu nzito yenye jalada la ngozi. Aliifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapakuwa na neno hata moja la lugha yake, ijapokuwa nusu ya vyakula vilivyoorodheshwa amevipika tangu alipokuwa mwari. Mhudumu akamwinamia kwa adabu: "Mama, waagiza nini?" Shangazi akaifunga menyu taratibu, akasema, "Niletee chai tu, mwanangu. Sina njaa."

Alikuwa na njaa. Tulikuwa tumetoka nyumbani bila kula makusudi.

Mimi nilisoma orodha ile, na hata kwangu ilikuwa maskini. Samaki wa kupaka, wa kubanika, wa kuchoma na wa kuoka wote walikuwa wamewekwa chini ya kitenzi kimoja cha kigeni. Pilau na biriani zilielezwa kwa maneno yale yale, wali wenye viungo, ilhali mtoto wa pwani ajua kwamba pilau hupikwa wali na nyama chungu kimoja, na biriani mchuzi wake hupikwa mbali, ukakutana na wali mwishoni. Tui nalo lilikuwa tui basi, wala hapakuwa na kasimele, ule mkamuo wa kwanza mzito unaotiwa mwisho ili chakula kisikatike.

Wenye mikahawa hujibu kwamba wateja wao ni watalii. Sawa, lakini mtalii huyo huyo akienda Italia huagiza pizza, na kwa Mjapani huagiza sushi, na hakuna aliyemhurumia akamtafsiria. Unguja, katika mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, chakula hupangwa kwenye kaunta, nawe husogea, ukaonyesha au ukataja. Nimewasikia wageni wakijitahidi kutamka "pweza wa nazi" huku wakicheka, na mwenye kupakua akiwasahihisha. Sahani hiyo ya pweza, pamoja na mbaazi pembeni, ningeivukia bahari tena kesho. Jioni huteremka Forodhani kwa urojo, neno lililotaja uzito wa ule mchuzi kabla hujauonja, ingawa huko nako wauzaji wameanza kuliita kwa jina la Kiingereza.

Lawama isiwaangukie wao peke yao. Sisi tunaojiita wapenzi wa lugha hukesha tukibishana juu ya vina vya kati, na sijamsikia mmoja wetu aliyemwendea mwenye mkahawa akamwambia: nipe orodha yako niiandike. Wakati huo huo wavuja jasho wa Dar es Salaam, kwa njaa ya mchana tu, waliigeuza sentensi nzima ikawa nomino: mama ntilie. Mtu alisimama mbele ya chungu akasema "mama, nitilie", na neno likazaliwa.

Basi mwezi uliopita nilimwendea mwenye mkahawa mdogo jirani na kwangu, akakubali, kwa sharti kwamba Kiingereza kibaki chini kwa herufi ndogo. Nilikaa na shangazi jioni mbili. Yeye alisema, mimi nikaandika. Hakunikubalia "mchuzi wa samaki" mpaka nitaje samaki gani, kwa kuwa mchuzi wa papa na wa changu, alisema, si ndugu. Mahamri aliyataka yatangulie mbaazi, si yafuate. Tuligombana mahali pamoja tu, mwishoni, kwenye vyakula vitamu. Mimi nilitaka "kitindamlo", neno ninalolipenda kwa jinsi lilivyoundwa. Shangazi alilirudia mara mbili, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kitindamimba namjua," alisema. "Huyu mwengine ni mwana wa nani? Andika vitamutamu."

Nimeandika vitamutamu. Menyu itachapishwa wiki ijayo, na meza ya kwanza nimekwisha kuiwekesha kwa jina lake.