Siku 21? Tuacheni uongo huu

Kila Januari nakutana na ahadi ile ile mtandaoni: fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa mazoea. Jamani, nani kasema?

Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura kule Marekani. Katika kitabu chake cha 1960 aliandika kwamba wagonjwa huchukua angalau siku 21 hivi kuuzoea uso mpya. Uso, wasomaji wangu, si kuamka alfajiri kukimbia! Na lile neno "angalau" likadondoka njiani.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, wakatoa matokeo mwaka 2009. Wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Sasa tazama programu za simu zinazohesabu siku zako. Stima ikipotea usiku mmoja, hesabu inarudi sifuri, na mwanafunzi aliyekuwa anajifunza vizuri anajiona ameshindwa, anaacha kabisa. Mimi huandika programu, kwa hivyo nakwambia: sifuri ile si sheria ya maumbile. Kuna mtu aliyeketi akaiandika. GitHub waliiondoa hesabu yao ya siku mfululizo mwaka 2016, na watu wanaendelea kuandika programu.

Chagua jambo dogo, ulifunge kwenye jambo unalolifanya tayari: baada ya chai ya asubuhi, mistari kumi. Ukikosa leo, rudi kesho. Anayebisha na alete ushahidi.