Kifua Kikubwa, Pumzi Hakuna

Wasee, niseme ukweli. Tangu niache chuo, mchana wote niko kwa kiti nikihariri video, jioni nabeba vyuma. Kifua kimejaa. Lakini juzi nilipandisha mtungi wa maji ghorofa ya nne, nikabaki nahema, mama mboga akinipita na gunia lake.

Vyuma si vibaya, hata presha vinasaidia kushusha. Ila moyo unataka pia kukimbia, baiskeli ama kutembea haraka, ndio uzoee kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2.

Mzee wangu ana presha. Mimi singoji yangu. Kesho nashuka matatu steji mbili mapema. Wewe je?