Watoto wa Kakamega wafunzwe kuwaaga ndege wao

Kila ifikapo katikati ya mwezi wa Machi, nyaya za umeme zilizo kando ya barabara itokayo mjini Kakamega kwenda Shinyalu hujaa mbayuwayu. Huketi kwa safu, mmoja ubavuni mwa mwenzake, wakijichokoa manyoya na kupiga gumzo kama abiria wanaongoja basi. Baada ya majuma machache nyaya hizo huwa tupu. Watu wazima hupita chini yake wakienda sokoni, watoto wakienda shuleni, na ni nadra kumsikia yeyote akiuliza wageni hao wameelekea wapi.

Swali hilo ndilo ninaloazimia kulijadili leo. Najua yuko msomaji atakayeguna. Atasema kwamba katika nchi ambamo mzazi hajamaliza kulipa karo na mkulima angali anasubiri mbolea, kuzungumzia ndege ni anasa ya watalii. Namsihi anivumilie kidogo, kwa maana suala lenyewe si la ndege peke yao. Ni suala la elimu tunayowapa watoto wanaokaa kando ya msitu ambao taifa zima linadai kuuthamini.

Msitu wa Kakamega ni masalio ya msitu wa mvua wa aina ile ipatikanayo Kongo, na humu nchini Kenya hakuna mwingine wa kulingana nao. Ulitengwa rasmi mwaka wa 1933. Mnamo 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya kitaifa, na leo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sehemu ya kusini, penye kituo cha Isecheno, husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu. Humo mmeonekana aina zaidi ya 300 za ndege. Yumo shorobo mkubwa wa buluu, yumo hondohondo ambaye mabawa yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na yumo kijindege adimu aliyepewa jina la Turner, ambaye makao yake duniani ni machache mno, Kakamega na Nandi yakiwa miongoni mwayo. Wapo wanaotoka mabara ya mbali na darubini zao ili kuja kuwatazama. Juu ya hao wenyeji, kuanzia Oktoba hadi Aprili msitu na mashamba yanayouzunguka huwakirimu ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia.

Machi iliyopita mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alinialika niandamane na wanafunzi wake wa Gredi ya Sita katika matembezi ya asubuhi huko Isecheno. Shule yao haiko mbali. Tulikwenda kwa miguu. Mwongozaji wetu, mzee aliyezaliwa papo hapo kandokando ya msitu, aliwaamkia kwa "mulembe", kisha akauliza ni nani aliyewahi kuingia humo. Mikono karibu yote ikainuka. Akauliza tena: ni nani aliyeingia bila kutumwa kuni wala kuchunga ng'ombe? Mikono ikashuka. Ikabaki mitatu.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo mvulana mmoja aliyening'iniza manati shingoni. Mwalimu alipotaka kumnyang'anya, mzee alimzuia kwa upole. Alisema kwamba mwenye manati huwa na macho kuliko sisi sote, akamwomba atangulie mbele. Na kweli, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona kijindege mmoja wa rangi ya majani yaliyokauka, akirukaruka matawini na kudonoa wadudu. Mzee alitueleza kwamba huyo ni mgeni, kwamba uzito wake ni kama gramu 10 tu, yaani sukari ya vijiko viwili vya chai, na kwamba kabla mwezi wa Aprili haujaisha atakuwa njiani kurejea kaskazini, pengine Urusi, akivuka jangwa na bahari, akisafiri zaidi usiku.

Mvulana alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Kuka, nikimwangusha huyu leo, hao wa huko watajua?"

Mzee hakumkemea. Alimjibu, "Hawatajua, mjukuu wangu. Watamngoja tu."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Na hata hivyo, iliwahi kutokea kwamba wa huko wakajua. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakufahamu ndege wao walikwenda wapi wakati wa baridi. Wako waliodai kwamba mbayuwayu hujizika katika tope la maziwa na kulala humo. Mwaka wa 1822, huko Ujerumani, kulipatikana korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, akasafiri nao mpaka kwao. Ndege huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Hivyo silaha ya mwindaji wa Kiafrika, ambaye jina lake halikuandikwa popote, ndiyo iliyowafundisha wataalamu wa Ulaya kwamba korongo wao hukaa kwetu. Wao walilichukua funzo hilo wakalifanya elimu. Sisi tulioishi na ndege hao miezi sita ya kila mwaka hatujawafundisha watoto wetu hata nusu yake.

Laiti tungalifundisha, tungaligundua kwamba somo hili limebeba masomo mengine mengi. Chukua mfano wa wakati. Huko kaskazini siku hurefuka machipuko yanapokaribia, na ni rahisi kudhani kwamba urefu huo wa siku ndio unaomwamsha ndege. Lakini Kakamega iko karibu mno na ikweta. Hapa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Je, kijindege aliye Isecheno hujuaje kwamba wakati wa kuondoka umewadia? Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wa jamii hii katika vyumba vyenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, siku zote bila mabadiliko. Msimu wa safari ulipokaribia walinenepa na kuhangaika usiku vilevile. Ikadhihirika kwamba wamezaliwa na kalenda mwilini. Ni mtoto gani hapa duniani awezaye kulielewa fumbo hilo kuliko yule anayeliona jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu Januari hadi Disemba?

Aidha, mtoto wa Kakamega anajua jambo ambalo kitabu kilichoandikwa ng'ambo hakiwezi kumweleza. Anajua kwamba mvua ya kwanza ya Machi huwatoa kumbikumbi ardhini. Yeye huwakimbilia na sufuria. Mbayuwayu huwadaka hewani. Mwewe naye hashindwi. Mafuta ya wadudu wa msimu wa mvua ndiyo akiba itakayomwezesha ndege mwembamba kuvuka Sahara. Kile wanachokiita wenzetu majira ya machipuko, kwetu ni msimu wa kupanda mahindi. Safari ile huanzia hapa, katika mvua yetu na juu ya mashamba yetu. Iweje basi tuifunze, tukiifunza, kana kwamba ni habari ya kigeni?

Hapo ndipo ninapofikia lawama yangu ya kwanza, nayo ni kuhusu kalenda. Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamao ilizinduliwa hapa hapa Kenya, huko Laikipia, mwaka wa 2006. Ni fahari yetu. Siku hiyo huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei, na tena Jumamosi ya pili ya Oktoba. Lakini kufikia Mei wageni wengi waliotoka Ulaya na Asia wameshaondoka. Tunawaita watoto waje kutazama nyaya tupu! Oktoba nayo, ndege wanapowasili, walimu na wanafunzi huwa wamezama katika maandalizi ya mitihani. Wakati ufaao ni mwezi wa Machi, katika majuma ya mwisho ya muhula wa kwanza, kabla shule hazijafungwa mapema Aprili. Kwa bahati mbaya majuma hayo ndiyo tunayoyajaza majaribio ya mwisho wa muhula.

Lawama yangu ya pili ni kuhusu namna yetu ya kufundisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kutazama. Maneno hayo ni matamu. Hata hivyo, katika shule nyingi kutazama huko kumegeuka kuwa kukata picha katika magazeti na kuzibandika kwenye karatasi, mzazi akichapisha nyingine mjini kwa pesa zake. Mtoto hubandika picha ya ndege ilhali ndege mwenyewe ameketi juu ya paa la darasa. Aidha, wengi wa ndege hao hawana jina la Kiswahili lililozoeleka, na yale majina ya Kiisukha, Kiidakho, Kitiriki na Kikabrasi yanayofahamika kwa wazee yanaondoka pamoja na wazee wenyewe. Kazi ya kuyakusanya ingewafaa wanafunzi kuliko mabandiko yote hayo.

Narudi sasa kwa yule msomaji aliyeguna. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mwenye njaa haambiwi atazame ndege. Lakini ndege na ugali si mahasimu. Korongo wanaoshuka kwenye mashamba na mbuga zetu hula nzige na viwavi. Mito ya Isiukhu na Yala, inayotegemewa na maelfu ya familia, hupita katika msitu huu. Aidha, kila mgeni ajaye na darubini huhitaji mwongozaji, malazi na chakula, na mwongozaji bora ni yule aliyeijua sauti ya kila ndege tangu utotoni. Kazi hiyo haipatikani kwa cheti pekee. Huanza siku mtoto anapoonyeshwa ndege wa kwanza na mtu anayempenda.

Wala sisemi jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mnamo 1995 waongozaji wenyeji wa Isecheno walianzisha mpango wa elimu ya mazingira ujulikanao kama KEEP, wakaanza kuwafundisha watoto wa shule za jirani. Jijini Nairobi, Fleur Ng'weno alianzisha mwaka wa 1971 matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, nayo yamewalea wapenzi na wataalamu wengi. Kule pwani, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango ulioanzishwa mwaka wa 2001 huchukua fedha zitokanazo na watalii na kuzigeuza kuwa karo ya watoto wa vijiji vya hapo. Mwenye nia hakosi njia.

Katika miaka ya karibuni pameibuka mjadala mkali kuhusu kuuzungushia msitu wa Kakamega ua wa umeme. Wako wanaoona kwamba bila ua msitu utakwisha. Wako wanaohofia kufungiwa nje ya kuni, dawa na makao ya mila zao. Sitaki leo kuwa hakimu kati yao. Nasema tu kwamba ua huzuia mguu. Nia ya mtu haizuiliki kwa waya. Mvulana mwenye manati hakuhitaji waya wa kumtisha. Alihitaji kuambiwa kwamba kijindege yule alikuwa na kwao.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila shule iliyo karibu na msitu itengewe asubuhi moja ya Machi ya kuwaaga ndege, na mashirika mawili yanayousimamia yaondoe ada ya kiingilio kwa wanafunzi hao siku hiyo. Pili, serikali ya kaunti iwalipe waongozaji wenyeji ujira wa haki kwa kazi hiyo, badala ya kuwategemea wajitolee kila mara. Tatu, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho papo hapo mjini, kishirikiane na walimu kuandaa kijitabu cha Kiswahili chenye majina ya ndege, yakiwemo yale ya wazee. Na shule isiyoweza kufika msituni isikate tamaa. Nyaya za umeme ziko kila mahali. Daftari, penseli na macho mawili vyatosha: wanafunzi wahesabu mbayuwayu kila asubuhi, waandike tarehe walipotoweka, na Oktoba waandike tarehe waliporudi. Shule itakayofanya hivyo kwa miaka kumi itakuwa na kumbukumbu ambayo hata wataalamu watakuja kuiomba.

Siku ile, tulipokuwa tukirejea, nilimtazama yule mvulana. Manati yalikuwa yangali shingoni mwake, nami sidai kwamba aliyatupa. Mtoto habadiliki kwa asubuhi moja. Lakini tulipofika barabarani alisimama chini ya nyaya, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arubaini na kitu ndege waliruka, hesabu ikapotea. Akaniambia atarudia kesho.

Kesho hiyo ndiyo tunayodaiwa. Tukimnyima, ataendelea kuwatazama ndege kupitia panda ya manati, na huko mbali watu wataendelea kungoja.