Mchezo wa Kwanza Mgumu Usikimbiwe

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa mwezi wa Agosti, wakaazi wa visiwa vya Hawaii huanza kuulizana: timu ya chuo kikuu chao itafungua msimu na nani, na safari hii itapona? Mchezo wenyewe si kandanda tuijuayo sisi. Ni mpira wa Kimarekani, unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, na vijana waliojifunika helmeti. Lakini wasiwasi wa shabiki wa Honolulu hauna ugeni wowote kwa msomaji wetu wa Unguja au Pemba.

Msimu wa vyuo vya Marekani ni mfupi, michezo 12 tu ya kawaida. Anayeanguka siku ya kwanza hana miezi minane ya kujirekebisha. Kwa sababu hiyo wako viongozi wa timu, na mashabiki pia, wapendao kufungua dimba na mnyonge ili waanze kwa shangwe.

Sisi hatuafikiani na rai hiyo, na ushahidi tunaupata Hawaii huko huko. Tarehe 1 Septemba, 1987 hadi leo zimepita nyingi, lakini ile ya mwaka 2007 inafaa kukumbukwa. Siku hiyo Hawaii ilifungua msimu kwa kuitandika Northern Colorado 63 kwa 6. Ikaendelea kushinda michezo yake yote 12, na visiwa vikarindima kwa furaha. Tarehe 1 Januari 2008 ikakutanishwa na Georgia mjini New Orleans, nayo ikalazwa 41 kwa 10. Wakosoaji walikuwa wamekwisha sema mapema kwamba ratiba yake ilikuwa nyepesi mno.

Siku ile ile ya 1 Septemba 2007, Appalachian State, chuo cha mji mdogo wa milimani huko North Carolina, ilikwenda kucheza nyumbani kwa Michigan, timu iliyohesabiwa ya 5 kwa ubora katika nchi nzima. Ilialikwa kwa malipo ya dola 400,000, na kwa yakini mwenyeji hakutoa fedha hizo ili anunue aibu. Mbele ya watazamaji zaidi ya 109,000, mgeni alishinda 34 kwa 32. Wengi waliita muujiza. Walisahau kwamba Appalachian ilikuwa bingwa wa daraja lake kwa mwaka 2005 na 2006. Ilikwenda imejiandaa.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Mpinzani mkubwa peke yake hamfundishi mtu kitu. Agosti 2022 Hawaii ilifungua msimu nyumbani na Vanderbilt, ikafungwa 63 kwa 10 mbele ya wananchi wake. Haukuwa hata na uwanja wake wa zamani, Aloha, uliofunguliwa 1975 kwa watu 50,000 na ukafungwa Disemba 2020. Timu ilihamia uwanja mdogo wa chuo. Mwalimu Timmy Chang, mwana wa visiwa hivyo, ndiyo kwanza alikuwa akiongoza mchezo wake wa kwanza. Ingekuwa kwingine, tunachelea kusema wapi, angefukuzwa kabla ya jua kuchwa. Aliachwa afanye kazi. Mwaka 2023 timu ilisafiri hadi Nashville kwa Vanderbilt hao hao, ikafungwa 35 kwa 28 tu. Agosti 2025 Stanford ilivuka bahari kwenda Honolulu, ikarudi imefungwa 23 kwa 20 kwa mkwaju wa mwisho wa Kansei Matsuzawa, kijana wa Kijapani.

Klabu zetu huingia katika mashindano ya Afrika kwa jina la Zanzibar, na mara nyingi huanzia hatua ya awali, ambako mkubwa yeyote anaweza kuwaangukia. Ikitokea hivyo, neno la kwanza midomoni mwetu ni kwamba kura ilikuwa mbaya. Kura haina kosa. Uwanja wa Amaan umekwisha kutengenezwa upya, na Serikali inastahili shukrani kwa kazi hiyo. Lakini nyasi na taa hazizuii magoli.

Tungependa wahusika wa michezo watafute michezo ya majaribio na timu zenye nguvu, za Bara na za nchi jirani, wiki nyingi kabla ya mashindano, hata kama tutafungwa. Fedha za safari nazo zitengwe bingwa anapopatikana, zisisubiri tarehe ya ndege. Na mashabiki, tukifungwa katika majaribio hayo, tuwaache walimu wafanye kazi yao hadi msimu uishe.