Fullmetal Alchemist ipi? Nimebadili mawazo

Mama mmoja wa Morogoro kaniandikia. Binti yake wa kidato cha kwanza amerudi nyumbani na flashi aliyojaziwa kwenye kibanda cha muvi, ndani yake mna mafolda mawili, yote yameandikwa Fullmetal Alchemist. Moja lina vipindi 51, jingine 64. Anauliza: ni kitu kimoja au viwili, na waanze na kipi?

Wasomaji wa zamani wa safu hii wanajua ningejibu nini mwaka jana. Ningesema 51 bila kupepesa macho, na nimeshasema hivyo hapa zaidi ya mara moja. Leo nasema waanze na 64. Naomba nafasi nieleze, maana kilichonigeuza si katuni peke yake.

Kwanza kitabu chenyewe. Fullmetal Alchemist ni manga, hadithi ya michoro, kazi ya Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Ilianza kutoka kwenye jarida la kila mwezi mwaka 2001, ikaisha mwaka 2010, jumla vitabu 27. Edward na Alphonse Elric ni ndugu wa tumbo moja. Baba yao aliondoka nyumbani, mama akaugua akafa. Watoto hawa wana elimu ya alkemia, ya kubadili kitu kikawa kingine, na sharti lake ni kwamba ukitaka kupata lazima utoe chenye thamani sawa. Wanaamua kumrudisha mama. Wanapima maji, kaboni, chumvi na vingine vilivyomo katika mwili wa binadamu, wanachora duara sakafuni. Usiku huo Edward anapoteza mguu na Alphonse anapoteza mwili mzima, ikabidi Edward atoe na mkono wa kulia ili roho ya mdogo wake ipate pa kukaa ndani ya deraya ya chuma. Na pale katikati ya duara kumetokea kitu. Kinahema.

Kile kitu kilikuwa nani? Hapo ndipo njia za mafolda mawili zinapoachana.

Katuni ya vipindi 51 ilianza kuonyeshwa mwaka 2003. Waliotengeneza ni studio ya Bones, mwongozaji Seiji Mizushima. Wakati ule Arakawa bado alikuwa mwanzoni mwa safari yake, na katuni ya kila wiki hukimbia kuliko mkono wa mchoraji. Wengine wakifika hapo huingiza vipindi vya kujazia. Aliyeangalia Naruto ile ya kwanza baada ya kipindi cha 135 anayajua hayo machungu. Bones hawakujazia. Waliandika hadithi yao na mwisho wao, mwenye kitabu akaridhia. Mwaka 2009 studio hiyo hiyo ikaanza upya na mwongozaji mwingine, Yasuhiro Irie, safari hii wakifuata kitabu mpaka mwisho. Hiyo ndiyo wanayoiita Brotherhood, vipindi 64, na ilimalizika Julai 2010, wiki chache tu baada ya Arakawa kuweka kalamu chini.

Niliipenda ile ya 51 kwa sababu haina haraka. Mfano ni Maes Hughes, yule ofisa wa jeshi anayemwonyesha kila mtu picha za binti yake hata kama hajaombwa. Kwenye 51 anakufa kipindi cha 25. Kwenye 64 anakufa kipindi cha 10. Mtu akifa kipindi cha 10 bado ni mgeni. Kipindi cha 25 keshakuwa shemeji yako. Makaburini yule binti mdogo anauliza kwa nini wanamfukia baba na wakati ana kazi nyingi za kufanya. Hapo nililia mara zote mbili, lakini ya kwanza ndiyo iliyonifanya nizime televisheni nikae gizani.

Jambo jingine nililolisifu ni Sloth. Waandishi wa 51 waliamua kwamba kile kitu cha kwenye duara hakikufa. Kilikua, kikawa mwanamke mwenye sura ya mama yao, jina lake Sloth, na anawachukia. Edward inabidi apigane na uso wa mama yake mpaka mwisho. Niliandika hapa kwamba hilo ndilo wazo zito kuliko yote katika katuni hiyo, na kwamba hata mwenye kitabu hakuwa nalo.

Sasa niwaambie nilikuwa nikiangalia na nani.

Kijana ninayeishi naye ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ananiita ma'mdogo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, sasa ana kumi na tano, yuko kidato cha pili. Jumamosi usiku, sare zikishapigwa pasi, tunaangalia vipindi viwili, vitatu, mimi nikimsaidia na maandishi ya Kiingereza pale yanapokwenda mbio. Tulianza na 51 kwa sababu mimi ndiye niliyechagua. Kila Sloth alipotokea, kijana aliinuka. Mara ndoo ya maji imejaa, mara simu iko kwenye chaji, mara hana hakika kama geti limefungwa. Mimi nikajua anachoka, vijana wanataka mapigano. Nikamtania kwamba hajui hadithi, anajua ngumi tu. Hakujibu.

Tulipoimaliza tukaingia kwenye 64. Kipindi cha 20, Edward anarudi kijijini kwao kwa bibi Pinako, jirani aliyekizika kile kitu usiku ule ili watoto wasikione. Mvua inanyesha. Edward anachukua koleo anakwenda kufukua. Anatapika, anapumzika, anaendelea. Anapata nywele, nyeusi, na mama yao alikuwa na nywele za kahawia. Anapata mfupa wa paja, mrefu kuliko wa mama. Hakuwa mama. Hakuwahi kuwa mama hata kwa dakika moja. Na Edward, amelowa chapachapa na matope yamemjaa, anacheka.

Kijana hakuinuka. Akaniomba nirudishe nyuma, tukaangalia tena pale kwenye nywele. Kisha akasema, macho bado yako kwenye kioo, "Ma'mdogo, mliniambia mama amesafiri."

Si "mliniambia". Ni mimi. Siku ya msiba nyumba imejaa watu, mtoto anamuuliza kila anayepita, wakubwa wakanitazama mimi, nami nikasema mama amesafiri, atarudi. Tukampeleka kwa jirani mpaka maziko yakaisha. Baadaye akaja kuambiwa ukweli na watoto wenzake shuleni, na sisi tukashukuru kimoyomoyo kwamba kazi hiyo imefanyika. Hakuna aliyekaa naye.

Usiku ule alinieleza, kidogo kidogo, huku tukiangalia ukuta. Kwamba hata baada ya kuambiwa amekufa, ile "atarudi" haikumtoka. Kwamba akiwa stendi alikuwa anatazama nyuso za kina mama. Kwamba alidhani akirudi atakuwa amebadilika, na atakuwa na hasira, kwa sababu yeye aliacha kungoja. Halafu mimi nikamwekea mbele ya macho, Jumamosi baada ya Jumamosi, mama aliyerudi akiwa na hasira, na gazetini nikaandika kwamba hilo ni wazo zito.

Bado naamini ni kazi ya mafundi. Sijaifuta kwenye flashi. Lakini kisa cha Sloth kinamfaa mtu mzima ambaye ana deni na marehemu wake na analijua. Arakawa alikuwa na jibu jingine, na sasa naona ni jibu gumu zaidi kuliandika, kwa sababu halina pambano: kijana, koleo na mvua. Izumi, mwalimu wao, naye aliwahi kujaribu kumrudisha mtoto wake aliyezaliwa amekufa, na miaka yote anaishi akidhani alimuua mara ya pili. Edward anapompelekea habari ya zile nywele, yule mama mkali anayewatwanga makofi wanafunzi wake anashukuru. Na hapo hapo akili ya Edward inageukia kwa Alphonse, aliye hai, ambaye mwili wake bado unaweza kupatikana. Mtu aliyekulia zizini, ndama akizaliwa na ng'ombe akifa mbele ya macho yake, pengine haoni sababu ya kumficha mtoto kaburi. Hilo ni dhana yangu tu.

Kwa mama wa Morogoro, basi: 64 kwanza. Ila vumilieni vipindi kumi vya mwanzo. Vinakwenda mbio kama daladala inayowahi foleni, kana kwamba kila mtu alishaangalia ile ya 2003, na kipindi cha kwanza kabisa kina adui wa barafu ambaye kwenye kitabu hayumo. Kipindi cha 4 uwepo sebuleni wewe mwenyewe. Kuna baba mle, Shou Tucker, anayemgeuza binti yake Nina na mbwa wao wakawa kiumbe kimoja ili asipoteze cheo chake, na hilo binti yako asilione peke yake. Wadogo zake wawe wamelala. Ile ya 51 ifuate mwakani, akishakomaa. Filamu ya mwaka 2017 yenye waigizaji wa kweli mnaweza kuiruka kabisa. Mawigi yale yatawachekesha mahali pasipofaa.

Sisi Desemba tunakwenda Muheza. Hajawahi kufika makaburini. Juzi akifua raba zake aliniuliza kama kaburi lina jina. Nikamwambia lina, ila aliyeandika kwenye saruji alikosea herufi moja na miaka yote tunasema tutarekebisha. Akauliza ni herufi gani. Nikamtajia. Akasema rangi atanunua yeye.