Hadithi za watoto si mchezo



Mwanafunzi wa sekondari akishika kitabu cha hadithi, wenzake wanamucheka: "We, ungali mutoto?" Hata wakubwa wengine wanasema afazali kurudilia masomo. Mimi sikubali. Tuangalie kwanza historia.

Zamani kule Ulaya, mtoto aliyejua kusoma alipewa alfabeti, katekisimo na sarufi ya Kilatini, pamoja na fimbo. Mwaka 1658 Comenius, mchungaji Mprotestanti wa Moravia aliyefukuzwa kwao juu ya imani yake, alitoa kitabu mjini Nuremberg. Kila somo lilikuwa na picha yake: kupika mikate, kufuga nyuki, kushona viatu. Alijua kwamba macho ya mtoto yakifurahi, akili nayo inafunguka.

Wengi hawakumfuata. Mwaka 1671 mchungaji mwingine, James Janeway wa Uingereza, aliandikia watoto habari za watoto waliokufa katika imani, kusudi waonyeke. Halafu mwaka 1744, London, John Newbery aliuza kitabu kidogo cha michezo na mafundisho. Pamoja nacho mvulana aliweza kupata mpira, msichana kito kidogo cha kuchomekea pini. Watu wakaona ya kuwa furaha na mafundisho vinaweza kutembea pamoja.

Tena watoto wenyewe walijichagulia. Robinson Crusoe (1719) na Gulliver (1726) viliandikwa kwa watu wakubwa, lakini watoto walivichukua vikawa vyao.

Sasa musikie hii. Mwaka 1812 ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapa hadithi walizosimuliwa na watu. Tunafikiri walikuwa wazee wenye ndevu? Hapana! Jacob alikuwa na miaka 27, Wilhelm 26. Na wengi waliowasimulia walikuwa wasichana.

Na sisi? Mwaka 1930 gazeti moja la watoto la Brussels lilianza kutoa picha za Tintin katika Kongo. Hergé aliyezichora hakuwa amekanyaga Kongo hata siku moja, lakini alituchora kama wajinga wasiojua kitu. Watoto wa Ubelgiji walisoma, wakacheka, wakaamini. Basi nani atasema kwamba hadithi za watoto ni mchezo? Zinaingia moyoni mbele ya masomo mengine yote, na kuzitoa ni kazi.

Masomo yana nafasi yake, sikatai. Lakini tukinyamaza, wengine watatusimulia namna wanavyotaka, na wadogo zetu watajijua kwa picha za wageni.

Kwa hiyo ninaomba: likizo hii kila mmoja wetu aketi karibu na bibi au babu yake, aandike hadithi moja katika kaye, katika luga ileile ya nyumbani, pasipo kuipamba. Tukirudi, tuzikusanye na kuziweka katika biblioteki ya masomo. Wazee hawatungojee. Nani atakuwa wa kwanza?