Mmekwama kuongea? Tembeeni mpaka Kaole

Ukurasa huu, kama ulivyouzoea, ni wa yale mambo yetu ambayo hayasemwi ukumbini siku ya kicheni pati. Mwezi huu sina kisa cha msomaji. Nina changu mwenyewe.

Nilikuwa natafuta risiti ya fundi kwenye gari, mara naikuta barua. Ya mume wangu, kutoka kazini kwake. Uhamisho, Mwanza, miaka 2. Nikaangalia tarehe: ilikuwa na wiki 3. Wiki tatu nzima! Mtu ninayelala naye kitanda kimoja, ninayejua hata namba ya kiatu chake.

Sikusema kitu. Nikairudisha pale pale. Na yeye hakusema kitu. Nyumbani tukaendelea kuongea vizuri tu: gesi imeisha, ada ya Neema mwisho lini, nani anapeleka gari sevisi. Ungetuona ungesema, jamani, wale wanaelewana. Lakini kuna kuongea, na kuna kupeana taarifa. Sisi tulikuwa tunapeana taarifa.

Nikajaribu dawa ile ambayo sisi wa magazeti tunawaandikia kila siku: mtoe mwenzio chakula cha usiku. Tukaenda. Mishumaa, samaki mzuri, muziki laini. Tukakaa tunatazamana uso kwa uso kama niko kwenye intavyu ya kazi. Nikamwuliza, "Baba Neema, huna la kuniambia?" Akajibu, "Hapana, kwani vipi?" Akashika simu yake, nami nikashika yangu. Bili ikaja, tukalipa, tukarudi kwenye foleni.

Dada mmoja wa ofisini ndiye aliyeniambia, "Ninyi msikae. Nendeni mkatembee." Nikadhani anamaanisha kutembea kwa gari. Akasema hapana, kwa miguu. Nikacheka. Hapa Dar anayetembea kwa miguu si ndiye aliyekosa nauli? Lakini mtu akiishiwa mbinu husikiliza hata asiloliamini.

Basi tukaenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Tukalala Ijumaa, na Jumamosi saa 1 asubuhi tukaanza safari ya miguu kwenda magofu ya Kaole. Ni kama kilomita 5 kutoka mjini, upande wa kusini. Hakuna mlima, hakuna la kutisha. Njia inapita kando ya Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, kisha unaingia kwenye vumbi, minazi, mashamba ya mihogo na nyumba za watu wanaokusalimia kweli kweli, si salamu ya lifti. Tulikuwa na mwongozaji, mzee mmoja mpole, ambaye baada ya dakika 10 alituelewa. Akatangulia hatua 30 mbele na kutuachia njia yetu.

Nusu saa ya kwanza hatukusema neno. Na hapo ndipo nilipoona tofauti! Mezani kimya ni kesi. Njiani kimya ni kimya tu, maana kila mtu anaangalia mbele na kuna vya kuangalia: mnazi, mbuzi, mtoto anayekimbiza tairi. Hakuna anayekusomea uso wako.

Tukiwa katikati ya njia, akasema bila kugeuka, "Mama Neema, ile barua uliiona, eh?"

"Niliiona."

Tukatembea kidogo.

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Hatua kama 50 hivi. Nikasikia anavuta pumzi. Akaniambia baba yake alikuwa mtu wa uhamisho, leo Tabora, kesho Songea, na yeye alimfahamu baba yake kwa zawadi za Krismasi. "Niliogopa utasema hapana," akasema. "Halafu nikaogopa zaidi kwamba utasema nenda."

Mpenzi msomaji, nina miaka 9 na mtu huyu. Habari ya zawadi za Krismasi nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, kwenye njia ya vumbi, viatu vimejaa mchanga.

Tukafika Kaole. Usitegemee majumba marefu. Ni mahali patulivu, pana kivuli, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama kati ya miti. Kuna magofu ya misikiti miwili. Mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa katika pwani ya Tanzania bara. Kuna makaburi yenye nguzo ndefu kumpita mtu, na juu ya nguzo zile walipachika bakuli za kaure kutoka China. Hebu fikiri: watu wa hapa walikuwa wanapokea vyombo vya China kabla Mreno hajafika pwani hii! Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na baadhi ya vyungu, kaure na sarafu utaviona kwenye makumbusho ndogo mlangoni.

Nikamwuliza mzee, mji wote huu ulikwenda wapi? Akatunyooshea mkono upande wa bahari. Sikuona bahari, niliona mikoko. Akasema zamani hapo ndipo palikuwa bandari. Mikoko ikaota, tope likajaa, vyombo vikashindwa kutia nanga, biashara ikahamia Bagamoyo. "Haukufa siku moja," akasema. "Uliziba polepole." Mume wangu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mzee wala hakujua amesema nini.

Kisha akatupeleka kwenye kaburi wanaloliita la wapendanao. Simulizi ya hapo ni kwamba mume na mke walizama baharini, wakazikwa pamoja. Mimi machozi yalikuwa yako karibu. Mwenzangu akauliza kwa sauti nzito kabisa, "Mzee, walikuwa chombo kimoja?" Mzee akasema ndiyo. "Basi walikuwa na nafuu." Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye mzizi. Wiki tatu hatujacheka hivyo! Tukanawa uso kwa maji ya kisima cha kale, ambacho wenyeji wanasema hakikauki, tukauzunguka mbuyu mkubwa eti tuongeze umri, tukarudi mjini kwa bajaji.

Sitakudanganya kwamba Kaole ilimaliza kila kitu. Alikwenda Mwanza. Mimi na Neema tukabaki Dar mpaka mwaka wa shule uishe, na kuna usiku nililia peke yangu jikoni. Lakini tulikubaliana kwa maneno, si kwa kukaa kimya. Na kila akija, kabla ya begi kufunguliwa, tunatembea kwanza, hata kama ni mpaka gengeni na kurudi.

Na wewe ukitaka kujaribu, mambo machache. Anzeni mapema kabla jua halijakolea, bebeni maji na kofia. Chukueni mwongozaji na msikatishe ufukweni peke yenu, kwani kumewahi kutokea vibaka. Vaeni kwa heshima: pale ni makaburi, na wapo wanaofika kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa. Simu moja tu ya picha, nyingine izimwe. Na usimwekee ajenda mwenzio. Ukianza na "leo lazima tuongee", umeshahamisha ile meza ya hotelini hadi porini.

Hukai Dar? Waliopo Iringa wana Isimila, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, bonde lenye zana za mawe za kale sana na nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Waliopo Dodoma wanaweza kwenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko kuna kupanda kidogo, lakini polepole mnafika. Tanga kuna Tongoni. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi wana Gede, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024, na njia zake ni za kivulini.

Chagua moja. Vaa raba. Mwache mwenzio atembee ubavuni kwako, na ukimya ukija, uache upite.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.

Wako, Mhariri